Mistari Miwili Juu ya Shamba la Njiru

S.L.P. 67, Runyenjes
9 Juni 1997

Wamuyu,

Salamu zako zimebaki huku kwangu. Utazipata siku utakayozistahili.

Nilifika nyumbani Ijumaa jioni nikashindwa kula. Veronicah aliniuliza kama basi limepata ajali. Nikamwambia mke wangu, ajali ni dada yangu.

Uliniita mwenyewe. "Kaka, njoo Meru uone ramani ya shamba kabla haijapelekwa kwa serikali." Nikaja. Nikaketishwa kwenye kiti cha kuzunguka, ukaniwashia hiyo kompyuta yenu yenye kioo kikubwa kama mlango wa kabati. Nikaliona shamba la marehemu Baba lote, kutoka kwenye chai ya barabarani mpaka mtoni. Nikauona mpaka wangu na wa ndugu yetu Mugendi, mwekundu, umeshuka kutoka juu hadi chini kama tulivyopatana. Hapo sikuwa na neno.

Halafu nikaona mistari mingine miwili. Myembamba, ya kijivu, imelala kutoka kushoto hadi kulia, imekata kwangu na kwa Mugendi. Na kati ya mistari hiyo kuna nini? Kahawa ya chini ya nyumba. Yote.

Sikusema kitu kwa sababu mkubwa wako Kinoti alikuwa amesimama nyuma yangu, na mimi si mtu wa kugombana na dada yangu mbele ya watu wa Meru. Lakini macho yangu ni mazima.

Mugendi alipoandika kutoka Lodwar kwamba tutafute mpimaji wa hapa Embu, nilimjibu kwamba dada yetu huchora ramani, ataifanya vizuri kuliko mtu wa nje. Ona sasa aibu uliyonipa. Ulipoachana na yule mwalimu wako wa Chuka, Baba alikupokea hapa nyumbani, hakuna aliyekuuliza swali. Na malipo ni haya, kujikatia ekari kimyakimya na penseli ya umeme?

Nataka kujua jambo moja tu. Nani alikuambia?

Futa mistari hiyo kabla ya mwezi kwisha.

Ngari Njiru


Kinoti na Wenzake, Wapima Ardhi
S.L.P. 512, Meru
14 Juni 1997

Kaka Ngari,

Mimi nitakusalimu, kwa maana Mama alinifundisha. Hujambo.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani umeiandika ukiwa umelewa, kisha nikakumbuka kwamba wewe hunywi. Afadhali ungekuwa unakunywa.

Sikiliza. Mistari uliyoiona haiko shambani, wala haiko kwenye ramani. Iko ndani ya kioo. Mimi ndimi niliyekichagua hicho kioo, kwa hiyo nakijua kuliko unavyoijua kahawa yako.

Mwezi wa Januari Bwana Kinoti alinituma Nairobi nimtafutie skrini kubwa. Ile ya zamani ilikuwa ya inchi kumi na nne, na kuchora ekari ishirini juu yake ni kama kuchungulia harusi kupitia tundu la kufuli. Nilizunguka madukani siku mbili. Nikakuta aina tatu.

Aina ya kwanza, nyuma ya kioo kuna bati jembamba lililotobolewa matundu madogo maelfu kwa maelfu, kama chekeche. Mwanga hupita kwenye matundu hayo na kuwasha vidoa vya rangi. Ni skrini ya kawaida, kama ya televisheni. Lakini kioo chake kimevimba kama tumbo la chungu, na mstari ulionyooka ukifika pembeni unaanza kupinda. Mtu anayechora mipaka ya watu ataufanyia nini mstari unaopinda?

Aina ya pili haina bati. Ina nyuzi za chuma, nyembamba kuliko unywele, zimesimama wima na kukazwa kama nyuzi za gitaa. Kioo chake kimenyooka kutoka juu hadi chini, na rangi zake zinang'aa mpaka unaona herufi ndogo bila kukunja uso. Ila nyuzi zilizokazwa hutetemeka mtu akigonga meza. Kwa hiyo watengenezaji wamezishikilia kwa nyuzi nyingine mbili za kulala, moja juu kidogo, moja chini kidogo. Nyuzi hizo mbili huacha kivuli. Juu ya rangi nyeusi huzioni. Juu ya nyeupe unaziona.

Aina ya tatu ni bapa, nyembamba kama sinia, mpya kabisa. Nilisimama mbele yake nikaitamani. Lakini ni ndogo, inauzwa bei ya gari, na ukihamisha kichwa kidogo tu rangi zinageuka, nyekundu inakuwa tope. Wateja watatu wakisimama mbele yake, kila mmoja ataona shamba lake peke yake.

Nikachagua ya nyuzi, ya inchi ishirini na moja. Ilibebwa na wanaume wawili kutoka kwenye gari. Muuzaji alinionyesha vile vivuli viwili kabla sijalipa, akasema, "Mama, wengine huzirudisha wakidhani zimepasuka." Nikamwambia nitazoea. Nilizoea kweli, mpaka siku ulipokuja sikuvikumbuka.

Kila siku mimi huchora juu ya rangi nyeusi. Siku hiyo niliigeuza ikawa nyeupe kwa ajili yako, ili uone shamba kama unavyoliona kwenye karatasi. Huo ndio ubaya niliokutendea.

Kama huamini, rudi. Nitaisukuma ramani pembeni mbele ya macho yako mazima. Shamba litahama, mistari itabaki pale pale.

Habari za mwalimu wa Chuka hazikuhusu. Uliniita mwizi kwa mwandiko wako, na karatasi hiyo nimeiweka.

Unauliza nani aliniambia. Aliniambia nini?

Wamuyu


S.L.P. 67, Runyenjes
20 Juni 1997

Kwa Bwana Kinoti,
Kinoti na Wenzake, Meru.

Bwana,

Mimi ni mteja wako katika shamba la marehemu Njiru, na mchoraji wako Wamuyu ni dada yangu wa tumbo moja. Sijui kama amekuambia hivyo. Kwa jinsi mambo yalivyo, nafikiri hakukuambia.

Tarehe 6 nilionyeshwa ramani yenye mistari miwili ambayo hakuna mtu wa familia yetu aliyeiagiza. Nilipomuuliza kwa barua alinijibu kurasa tatu kuhusu matundu na nyuzi na gitaa. Anasema ni kivuli cha waya ndani ya kioo. Bwana Kinoti, mimi niliacha shule darasa la saba, lakini televisheni ya padre wetu nimeitazama miaka mingi na haijawahi kukata shamba la mtu.

Natoa siku kumi na nne. Nisipopata jawabu la mtu mzima nitakwenda kwa Afisa wa Ardhi, na nitasema ofisi yako inasaidia mabinti kuwanyang'anya ndugu zao.

Ngari Njiru


Kinoti na Wenzake, Meru
25 Juni 1997

Kwa Bi. Wamuyu Njiru.

Nakuandikia ingawa meza yako iko hatua sita kutoka kwangu, kwa sababu nataka haya yawe kwenye faili.

Barua ya ndugu yako imeambatanishwa. Habari ya nyuzi ni kweli, naijua. Lakini wewe ndiwe uliyeniambia kwamba skrini hiyo ndiyo bora kwa kazi yetu, na hukunionya kwamba mteja akikaa mbele yake ataona mipaka isiyokuwepo. Katika kazi ya ardhi, mteja akiona mstari, mstari huo upo mpaka athibitishiwe vingine.

La pili ni zito zaidi. Ulichukua faili ya baba yako mzazi ukaichora bila kuniambia. Akina Njiru ni wengi, sikushtuka. Nilipokuuliza jana ulisema ulitaka ifanywe vizuri. Nakuamini, lakini hakuna mtu mwingine anayelazimika kukuamini.

Kuanzia leo faili hiyo ni ya mwenzako Kathuri. Wewe utafanya kazi katika chumba cha mafaili mpaka nikuambie vingine. Skrini itageuzwa ielekee ukutani wateja wanapokuwepo.

J. Kinoti


Kaaga, Meru
27 Juni 1997

Mama mpendwa,

Najua atakayekusomea barua hii ni Ngari. Ngari, soma kama ilivyoandikwa.

Mama, habari za kifua? Ile dawa ya kupaka inakusaidia? Mimi ni mzima. Mvua huku imekwisha, baridi imeanza, asubuhi Kaaga yote ni ukungu, watoto wa shule wanapita wamejifunika shuka.

Labda umesikia kwamba nimejikatia kahawa ya chini ya nyumba. Si kweli. Sijachukua hata shina moja. Ngari aliona kivuli kwenye kioo cha kompyuta akadhani ni mpaka. Nilimweleza, hakutaka kusikia, akamwandikia mkubwa wangu. Sasa nimeondolewa kwenye kuchora, kazi niliyoifanya miaka tisa. Siku nzima napanga mafaili ya zamani na kupiga chafya. Wenzangu wananiongelesha kwa sauti ya chini kama mtu aliyefiwa. Kosa langu lipo, sikumwambia Bwana Kinoti kwamba shamba ni letu. Nilikuwa nataka kulichora mimi, kwa mkono wangu, kila mti wa mpaka uwe mahali pake. Nilidhani hiyo ilikuwa heshima kwa Baba.

Baba alipozikwa niliketi nyuma na wanawake. Wanaume walipozungumza habari za shamba sikuuliza, nilikwenda kuosha masufuria. Unakumbuka. Sijawahi kuomba kitu.

Mama, kuna neno moja linanikosesha raha. Ngari ameniuliza, "Nani alikuambia?" Ameliandika kama mtu aliyepigwa kofi. Nani aniambie nini? Kuna jambo Baba alilisema? Kama lipo, nataka kulisikia kutoka kwako. Kama halipo, niambie halipo, na nitanyamaza.

Binti yako,
Wamuyu


S.L.P. 67, Runyenjes
7 Julai 1997

Wamuyu,

Nilikuja Meru Ijumaa. Niliambiwa uko chumba cha mafaili, nikasema usiitwe.

Yule kijana wenu Kathuri aliwasha kioo. Mistari ilikuwepo. Akalishika shamba letu kwa kile kidude cha mkononi akalisukuma kulia, likaenda, likaenda, likatoka kabisa. Mistari ikabaki imekata mahali patupu. Kisha akaleta shamba la mtu mmoja wa Nkubu, na mistari ikalikata hilo pia. Kathuri akacheka. Mimi sikucheka.

Kinoti akaniuliza, "Umeridhika?"

Nikasema, "Nimeona."

Basi. Niliona vibaya, na kuona vibaya si dhambi. Mtu aliyenunua kioo chenye mistari kwa ofisi inayochora mistari naye ajiulize. Nimemwambia Kinoti kwamba malalamiko yangu nimeyaondoa. Akikurudisha kwenye meza yako au asipokurudisha, hilo ni lake.

Barua yako nimemsomea Mama. Anakusalimu. Amesema ramani imalizwe haraka, vipande viwili, kabla ya kikao cha Bodi ya Ardhi mwezi wa Agosti. Anasema kifua ni afadhali.

Lile swali nililokuuliza lisahau. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira husema chochote.

Ngari


Runyenjes
15 Julai 1997

Wifi yangu Wamuyu,

Utashangaa kupata barua yangu. Tangu niolewe hapa sijakuandikia, na mwandiko wangu ni mbaya, nivumilie. Naandika nikiwa kwenye kiwanda cha kahawa, nangoja zamu ya kupima. Nitampa mwalimu wa watoto aitie posta, nyumbani siwezi.

Ngari alimsomea Mama barua yako nikiwepo, napepeta maharagwe. Alisoma habari za kifua, za baridi, za kazi yako. Akafika mahali unaposema uliketi nyuma na wanawake, akakunja karatasi akasema, "Imekwisha." Mama akazitazama karatasi mkononi mwake. Kesho yake tukiwa tunachuma kahawa alinijia na barua ndani ya kikapu. Alikuwa ameitoa kwenye koti la Ngari. Akaniambia, "Mimi sijui kusoma lakini najua kuhesabu. Karatasi ni mbili. Mtoto wangu amesoma moja. Nisomee hii nyingine."

Nikamsomea. Nilipofika pale unapouliza kama Baba alisema jambo, Mama aliketi chini kwenye majani. Nikadhani ni kifua. Akasema, "Kwani Ngari hakumwambia?"

Wifi, mimi pia nilikuwepo siku ile. Ilikuwa siku ya pili baada ya Krismasi ya mwaka juzi, kabla ya Baba kufa. Nilimpelekea uji. Baba alimshika Ngari mkono, akasema kwa sauti yake ile iliyokuwa imebaki kidogo, "Kahawa ya chini ya nyumba ni ya Wamuyu. Alirudi kwangu hana kitu na hakuniomba kitu. Mpimie." Ngari akasema, "Ndiyo Baba." Mama alisikia. Mimi nilisikia.

Baada ya matanga, Mama alimuuliza Ngari. Ngari akamjibu kwamba amekwisha kukuambia na wewe umekataa. Umesema una mshahara, hutaki kahawa ya kijijini. Mama aliumia sana. Umekuwa ukija nyumbani na yeye anakutazama kama mtu aliyeitupa zawadi ya marehemu. Ndiyo sababu amekuwa baridi kwako mwaka mzima na zaidi. Labda ulidhani ni ugonjwa.

Mimi nilijua kwamba hukuambiwa. Nilijua kwa sababu Ngari alipotoka kumjibu Mama alinipitia mlangoni na kuniangalia. Nikanyamaza. Nina watoto wanne katika nyumba hii, Wifi, na kahawa hiyo ndiyo inawapeleka shule. Sitakudanganya kwamba nilinyamaza kwa hofu peke yake.

Ngari alipokuja kutoka Meru siku ile ya kwanza alinishika bega akaniuliza, "Wewe ndiye uliyemwambia?" Nikasema hapana. Sasa itakuwa ndiyo. Tafadhali usinitaje.

Zamu yangu imefika.

Veronicah


Kaaga, Meru
19 Julai 1997

Ngari,

Neno "kaka" nimeliondoa. Nitaona baadaye kama litarudi.

Nilikataa lini? Niambie siku. Nilikuwa nimesimama wapi, nimevaa nini, ulinipa kiti au ulinisemesha nikiwa nimesimama? Mtu akisingizia mwenzake maneno, angalau amtafutie na mahali pa kuyasemea.

Mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikija nyumbani, Mama ananipa chai bila kunitazama. Nikirudi Meru najiuliza nimemkosea nini. Nilifikiri ananilaumu kwa kuacha ndoa. Nilimletea kitambaa, sukari, dawa. Na wewe ulikuwa umeketi pale pale, unakunywa chai hiyo hiyo, unajua.

Usiniulize nani aliniambia. Uliniuliza zamani, wakati hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kitu.

Mpaka tarehe 9 Juni sikutaka shamba lako. Ungenyamaza, ungelipata lote, na mimi ningekuchorea kwa mkono wangu na kukutakia mavuno mema. Sasa nataka. Nataka kahawa ya chini ya nyumba, kama Baba alivyosema, wala sitaki hata hatua moja zaidi. Nimemwambia Bwana Kinoti kila kitu, hata yale niliyostahili kumwambia mwanzoni. Amesimamisha ramani ya vipande viwili. Kathuri atachora ya vipande vitatu, kisha mtaamua mtatia sahihi ipi. Mimi sitaigusa hata kwa kalamu ya risasi.

Kwenye Bodi sitakuja. Ukiniona pale utapata mtu wa kumtukana, na kelele zako zitamfunika Mama. Mama ni msimamizi wa mirathi sawa na wewe. Bila kidole chake hakuna karatasi itakayotembea. Aseme mwenyewe.

Ukimgusa mtu yeyote katika nyumba hiyo kwa ajili ya barua hii, nitakuja na chifu.

Wamuyu


S.L.P. 67, Runyenjes
31 Agosti 1997

Wamuyu,

Umepata. Najua Kathuri amekwisha kukuambia, lakini nataka usikie kutoka kwangu, ili usiseme tena kwamba nimekuficha kitu.

Bodi ilikaa Jumatano. Tuliitwa saa sita. Nilikuwa na ramani zote mbili, na niliweka ile ya vipande viwili juu. Mwenyekiti akasoma, akanipa kalamu, nikatia sahihi. Mugendi alikuwa ametuma karatasi kutoka Lodwar kwamba chochote tutakachoamua yeye hana neno. Rahisi kwake, polisi ana mshahara. Hajui hata mashina ni mangapi.

Kisha wakamsogezea Mama wino. Mama akaficha mkono ndani ya kanga.

Mwenyekiti akasema, "Mama, ni kidole tu."

Akasema, "Najua ni kidole. Kidole hiki ndicho kilichomfumba Njiru macho. Hakitapigwa kwenye uongo."

Hata wale waliokuwa dirishani wakasogea. Mama akasimama na kikohozi chake, akasema maneno ya Baba yote, moja baada ya jingine, na siku, na uji. Mwenyekiti akanigeukia. "Bwana Ngari, mama yako anasema kweli?"

Nilikuwa na jibu la kumkana. Nimeketi nalo tangu Krismasi ile. Lakini Mama alikuwa ananitazama, na sikuweza. Nikasema, "Ni kweli."

Wakauliza imekuwaje wewe ukajua. Mama akasema ni yeye aliyekuandikia. Mama hajui kuandika hata jina lake. Sikumbishia. Veronicah naye nimemwacha, usilete chifu.

Kwa hiyo una kahawa yako, na mimi ni mwongo mbele ya kata nzima. Leo kanisani watu walinisalimu kwa ncha za vidole viwili. Sasa nisikilize na mimi, kwa maana hakuna aliyewahi kuniuliza.

Miaka miwili nilimbeba Baba. Nilimwosha mimi, si wewe, si Mugendi. Nilimpeleka choo usiku na mchana, nilimlisha, nilimshika akitapika. Alikuwa akinitukana kwa maumivu. Nilipoteza mavuno mawili kwa sababu sikuwa na mikono ya kuchuma. Wewe ulikuja mara moja kwa mwezi na machungwa ya soko la Gakoromone kwenye mfuko, ukaketi mpaka saa nane, ukawahi gari la kurudi. Na alipofika mwisho alinishika mkono. Nikadhani anataka kuniambia asante. Akataja jina lako.

Nilisema "Ndiyo Baba." Nikatoka nje nikaapa kwamba hutasikia.

Sikuombi msamaha. Nimekueleza tu. Kathuri anasema mawe ya mpaka yatawekwa tarehe 13. Kipande chako kinalala katikati, kutoka ukingo wa huku hadi wa huko, kimekata njia ya ng'ombe wangu kwenda mtoni. Nitawazungusha kwa barabara ya chini, ni mwendo wa saa nzima. Sitakuomba njia.

Ngari


Kaaga, Meru
6 Septemba 1997

Ngari,

Nimeisoma.

Uliyoandika kuhusu miaka miwili ya Baba ni kweli, na mimi sikuiona. Yale machungwa niliyanunua kila mara kwa sababu nilifika kituoni na sikujua nimbebee nini mtu anayekufa. Nilikuwa naondoka saa nane kwa sababu niliogopa kumwona akioshwa. Wewe hayo ndiyo uliyokuwa ukiishi nayo kila siku. Ungeniambia mapema, hata kwa matusi, ningekuelewa zaidi kuliko ninavyokuelewa leo.

Lakini ulimfanya mama yangu anichukie kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na muda huo hakuna Bodi itakayonirudishia. Sijakusamehe. Usimwambie padre kwamba nimekusamehe.

Bwana Kinoti amenirudisha mezani tangu Jumatatu. Nimemwomba tununue na skrini ndogo ya matundu kwa ajili ya wateja, amekubali.

Tarehe 13 nitafika na Kathuri saa tatu asubuhi. Mama asishike jembe siku hiyo, nataka kuketi naye. Veronicah aendelee kuchuma upande wa juu wa kahawa hiyo mpaka watoto wafunge shule mwezi wa Novemba. Mavuno hayo ni yake, si yako. Mwambie nimesema hivyo, tena umwambie mbele ya Mama.

Na ng'ombe wako wapite. Wapite pale pale walipokuwa wakipita, katikati ya mistari ya kahawa, asubuhi na jioni. Njia hiyo haitaandikwa kwenye ramani, nimemkataza Kathuri. Haitakuwa haki yako, na mwanao hatairithi. Siku utakayonidanganya tena nitaifunga kwa miiba.

Lakini kiangazi hiki ni kikali, na ng'ombe hawakunikosea. Wapite.

Wamuyu